Redgrave: Mvuta makasia aliyeishi na kisukari na bado akatwaa dhahabu ya tano

Na MWANDISHI WETU

ASUBUHI ya Septemba 23, 2000, wanaume wanne kutoka Uingereza waliketi ndani ya mashua ndefu na nyembamba katika ziwa la Penrith, nje kidogo ya jiji la Sydney, Australia. Walikuwa wakisubiri ishara ya kuanza mbio za mita 2,000.

Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka 38. Wengi wa rika lake walikuwa wamestaafu zamani. Alikuwa mgonjwa wa kisukari aliyejidunga sindano kila siku, na utumbo wake ulikuwa umemsumbua kwa miaka minane. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ametangaza mbele ya kamera za televisheni kwamba amechoka na mchezo huo, na kwamba yeyote atakayemwona karibu na mashua ana ruhusa ya kumpiga risasi!

Hata hivyo, huyo hapo, amerudi kwa mara ya tano. Jina lake ni Steve Redgrave.

Sisi Wakenya tumezoea kuhesabu mabingwa wetu kwa miguu. Tunawajua wakimbiaji wetu kuanzia Kipchoge Keino hadi vijana wa siku hizi. Mchezo wa kuvuta makasia ni mgeni kwetu, na huenda msomaji hajawahi kuutazama hata mara moja. Lakini maisha ya Redgrave yana mafunzo yasiyohitaji maji wala mashua. Mzazi aliye na mtoto anayehangaika na kusoma ana la kujifunza hapa. Vivyo hivyo mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa usio na tiba.

Kijana asiyeweza kusoma

Redgrave alizaliwa Machi 23, 1962, huko Marlow, mji mdogo ulioko ukingoni mwa Mto Thames. Babake alikuwa mjenzi. Haikuwa familia ya kitajiri, na hilo ni jambo la kukumbuka, kwa maana kuvuta makasia nchini Uingereza kulijulikana zaidi kama mchezo wa shule za matajiri na vyuo vikuu vya fahari kama Oxford na Cambridge.

Shuleni, Steve alipata taabu. Herufi zilimchanganya. Alikuwa na tatizo liitwalo disleksia, ambalo humfanya mtu ashindwe kusoma na kuandika kwa wepesi kama wenzake ingawa akili yake ni timamu. Ni tatizo ambalo walimu wengi wa zamani hawakulitambua. Walimwona mtoto kuwa mvivu au mjinga, na kiboko kikawa ndiyo dawa.

Bahati ya Steve ilikuwa kukutana na mwalimu mmoja, Francis Smith, aliyefundisha Kiingereza katika shule yao ya serikali. Mwalimu huyo alipenda kuvuta makasia na alikuwa akitafuta wavulana wa kujiunga na mchezo huo. Alimwona kijana mwenye mwili mkubwa, mikono mikubwa na miguu mikubwa, akamwalika mtoni.

Hebu fikiri! Mwalimu wa somo ambalo lilimtesa mtoto ndiye aliyemfungulia mlango mwingine. Hakusema kwamba asiyejua kusoma hafai kitu. Alitazama ni nini mtoto huyu anacho, si kile tu anachokosa.

Akiwa na umri wa miaka 16, Redgrave aliacha shule bila vyeti vya kujivunia. Alikuwa ameamua kwamba makasia ndiyo maisha yake. Wakati huo mchezo huo haukuwa na mshahara. Wavutaji wengi walifanya kazi mchana na mazoezi alfajiri na jioni. Wazazi wake walikubali kumsaidia ili apate nafasi ya kufanya mazoezi. Ni wazazi wangapi wangekubali hilo?

Mchezo wenyewe

Kabla ya kuendelea, yafaa tuueleze mchezo huu kidogo.

Katika mbio za Olimpiki, mashua sita hupangwa sambamba, kila moja katika njia yake, nazo hushindana kwa mita 2,000. Wavutaji huketi wakiwa wameelekeza migongo yao kule waendako. Hawauoni mwisho wa safari. Wanachoona ni wale waliowaacha nyuma. Kiti cha kila mmoja kina magurudumu madogo na huteleza mbele na nyuma, kwa hivyo nguvu hutoka zaidi miguuni na mgongoni kuliko mikononi.

Kuna mashua ambazo kila mtu ana makasia mawili, na nyingine ambazo kila mtu anashika kasia moja tu kwa mikono miwili. Baadhi hubeba mtu wa ziada ambaye kazi yake ni kushika usukani na kuwahimiza wenzake. Nyingine hazina mtu huyo, nao wavutaji wenyewe huelekeza chombo kwa kamba iliyofungwa kwenye kiatu cha mmoja wao.

Mashua ngumu kuliko zote, wasemavyo wenye ujuzi, ni ile ya watu wawili ambapo kila mmoja ana kasia moja, bila mshika usukani. Mmoja akivuta kwa nguvu kuliko mwenzake, chombo kinapinda. Mmoja akichelewa kidogo, chombo kinayumba. Ni kama ndoa: hakuna pa kumficha mvivu. Redgrave alijipatia sifa zake nyingi katika mashua hiyo.

Uchungu wake nao si haba. Mbio hizo huchukua kati ya dakika tano na nusu na saba. Huo ni muda mrefu mno kwa mtu kutumia nguvu zake zote, na mfupi mno kwa mtu kujipumzisha. Kufikia nusu ya safari, mapaja huwa yanawaka moto na pumzi imekata. Hapo ndipo mbio huanza.

Los Angeles hadi Seoul

Redgrave alipoanza alitamani kuwa bingwa wa mashua ya mtu mmoja, ashinde peke yake na sifa ziwe zake. Mambo hayakwenda hivyo. Kocha Mike Spracklen alimweka katika mashua ya wanne yenye mshika usukani, na katika Olimpiki ya Los Angeles ya 1984 akashinda dhahabu pamoja na Martin Cross, Richard Budgett na Andy Holmes, huku Adrian Ellison akishika usukani. Uingereza haikuwa imepata dhahabu ya makasia tangu 1948.

Wapo walionong'ona kwamba ushindi huo ulitokana na kususia kwa Muungano wa Sovieti na Ujerumani Mashariki, ambazo hazikwenda Los Angeles. Redgrave alijibu kwa kasia. Mnamo 1986 alishinda dhahabu tatu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Msomaji wa makamo atakumbuka kwamba Kenya na mataifa mengine mengi ya Afrika yalisusia michezo hiyo kupinga msimamo wa serikali ya Uingereza kuhusu ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini.

Kisha ikaja Seoul, 1988. Ndiyo Olimpiki ambayo Wakenya hawataisahau, kwa maana Robert Wangila alitwaa dhahabu ya ndondi, nao Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki wakatamba mbioni. Huko huko Seoul, Redgrave na Holmes walishinda dhahabu katika mashua ya watu wawili, na wakaongeza shaba katika mashua ya wawili yenye mshika usukani. Safari hii nchi za Ulaya Mashariki zilikuwapo.

Baada ya hapo wawili hao wakaachana. Holmes alijitenga na mchezo huo kwa miaka mingi. Aliaga dunia mnamo 2010 kutokana na ugonjwa unaosababishwa na bakteria wanaopatikana katika maji yaliyochafuliwa na mkojo wa wanyama kama panya.

Mwana wa mjenzi na mwana wa kasisi

Mwaka wa 1990 Redgrave alipata mwenzi mpya. Matthew Pinsent alikuwa mdogo wake kwa miaka minane. Babake alikuwa kasisi. Alisomea Eton, shule ya wakuu, kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Mmoja aliacha shule akiwa na miaka 16, mwingine alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Ungedhani mafuta na maji vimetiwa chupa moja.

Lakini mashuani hakuna anayeulizwa alisomea wapi. Wawili hao walipata shaba katika mashindano ya dunia ya 1990, na tangu hapo wakawa moto wa kuotea mbali. Walikuwa mabingwa wa dunia 1991, 1993, 1994 na 1995. Kocha wao alikuwa Jürgen Gröbler, aliyetoka Ujerumani Mashariki na kuhamia Uingereza mnamo 1991, mtu wa hesabu na nidhamu kali. Mazoezi yalikuwa karibu kila siku ya mwaka, mara mbili au tatu kwa siku, jua liwake au theluji ianguke.

Katika Olimpiki ya Barcelona ya 1992 walishinda kwa karibu sekunde tano, tofauti kubwa sana katika mchezo huu. Watazamaji wengi hawakujua kwamba miezi michache tu kabla ya hapo Redgrave alikuwa taabani. Alishikwa na ugonjwa wa vidonda na uvimbe katika utumbo mkubwa. Ni ugonjwa unaoleta maumivu ya tumbo, kuhara damu na udhaifu wa mwili. Hauponi kabisa, hutulizwa kwa dawa na unaweza kurudi wakati wowote.

Miaka minne baadaye, huko Atlanta, Uingereza nzima ilipata dhahabu moja tu, nayo ilikuwa ya Redgrave na Pinsent. Ajabu ni kwamba Kenya nayo ilirudi na dhahabu moja tu kutoka Atlanta, ile ya Joseph Keter katika mbio za kuruka viunzi na maji. Safari hii Redgrave na Pinsent waliwapiku Waaustralia kwa chini ya sekunde moja. Alipofika mwisho, Redgrave akiwa hoi, alitamka yale maneno ya kupigwa risasi.

Miezi minne baadaye alitangaza kwamba anarudi.

Kiu isiyokwisha

Kwa Olimpiki ya Sydney, Redgrave na Pinsent waliungana na James Cracknell na Tim Foster katika mashua ya watu wanne isiyo na mshika usukani. Walianza vyema na wakatwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1997.

Lakini mwezi wa Novemba mwaka huo, Redgrave alipatwa na kiu ambayo maji hayakuweza kuikata. Vipimo vikaonyesha kwamba sukari katika damu yake ilikuwa juu mno. Alikuwa na kisukari. Alikuwa na miaka 35.

Yeye mwenyewe amekiri kwamba fikira ya kwanza ilikuwa kwamba safari yake imefika mwisho. Ni fikira inayomjia kila mgonjwa anapotoka kwa daktari na karatasi ile mkononi. Lakini madaktari hawakumwambia aache. Walimwambia tu kwamba haitakuwa rahisi.

Na kweli haikuwa. Mtu wa kawaida mwenye kisukari hushauriwa apunguze vyakula vya sukari. Lakini mvuta makasia wa kiwango cha Redgrave alihitaji chakula kingi mno kwa siku, zaidi ya maradufu ya mahitaji ya mtu wa kawaida. Alipojaribu lishe ya kawaida ya wagonjwa wa kisukari, nguvu zilimwisha na akawa anaachwa nyuma mazoezini.

Hapo daktari wake akageuza mambo. Badala ya kukipunguza chakula kifuate ugonjwa, waliamua matibabu yafuate chakula. Redgrave aliendelea kula alichohitaji, lakini akawa anajipima damu mara kadhaa kwa siku na kujidunga insulini kulingana na kile alichokula na mazoezi aliyoyafanya. Sindano zilikuwa nyingi. Siku nyingine sukari ilipanda, siku nyingine ilishuka, naye akaambulia mazoezi mabovu. Lakini njia ilipatikana.

Msomaji asije akadhani kwamba hii ni ruhusa kwa mwenye kisukari kula sukari apendavyo. Redgrave alikuwa akiichoma sukari hiyo kwa saa nyingi za kazi ngumu, chini ya macho ya daktari. Funzo hapa ni kwamba mgonjwa na daktari wake wakae chini, watazame maisha ya mgonjwa huyo yalivyo, na kutafuta mpango unaomfaa. Aidha, mtu anayeona kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara, anayechoka ovyo au kupungua uzani bila sababu asikae nyumbani akisingizia uchawi au joto. Aende akapimwe.

Sekunde 0.38

Mwaka wa Olimpiki, mambo yalizidi kuharibika. Mnamo Julai 2000, katika mashindano ya Lucerne nchini Uswisi, mashua yao iliyozoea ushindi ilimaliza ya nne. Magazeti yakauliza kama mzee amekwisha. Gröbler hakumtoa. Mpango ukabaki ule ule.

Ndipo ikafika ile siku ya Septemba. Kule Uingereza ulikuwa usiku wa manane, lakini mamilioni ya watu walikesha mbele ya televisheni. Waingereza walichukua uongozi mapema na kuushikilia. Zilipobaki mita 250, Waitaliano walianza kuwakaribia. Kila vuta lilipunguza pengo. Umati ulisimama.

Mashua ya Uingereza ilimaliza kwa dakika 5 na sekunde 56.24. Italia ilichukua sekunde 56.62. Tofauti ilikuwa sekunde 0.38, karibu muda wa kupepesa jicho. Australia ikapata shaba.

Pinsent alitambaa mashuani, akampita Foster ili amkumbatie rafiki yake, kisha akaanguka majini. Redgrave alibaki ameketi, akitafuta pumzi. Alikuwa mvuta makasia wa kwanza duniani kushinda dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo: 1984, 1988, 1992, 1996 na 2000. Mromania Elisabeta Lipă naye amefikisha dhahabu tano katika mchezo huu, ila hakuzipata mfululizo.

Baada ya makasia

Redgrave alistaafu mwaka huo huo, safari hii bila kubadili nia. Mwaka uliofuata alipewa cheo cha heshima na akawa Sir Steve. Pinsent aliendelea hadi Athens mnamo 2004, akapata dhahabu yake ya nne.

Tangu hapo Redgrave amekimbia marathon ya London kuchangisha fedha za hisani, na mwaka wa 2012 ndiye aliyeingia na mwenge katika uwanja wa Olimpiki wa London. Wengi walidhani angewasha moto huo mwenyewe. Badala yake aliukabidhi kwa vijana saba chipukizi. Mnamo 2018 alikwenda Uchina kuongoza mpango wa makasia wa nchi hiyo, na katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, wanawake wanne wa Uchina walishinda dhahabu.

Nyuma ya haya yote kulikuwa na familia. Mkewe, Ann, alikuwa mvuta makasia aliyeiwakilisha Uingereza katika Olimpiki ya 1984, na ni daktari. Alijua maana ya mume kurudi nyumbani hoi kila jioni, na alijua maana ya ugonjwa. Pamoja wamelea watoto watatu.

Hapa kwetu, mchezo huu bado ni mchanga, lakini si kwamba hatuna wa kutajwa. Asiya Mohamed Sururu, aliyepoteza miguu yake akiwa mtoto mdogo katika ajali ya gari-moshi, aliiwakilisha Kenya kwa makasia katika Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo mnamo 2021. Kwa mwenye moyo kama huo, bahari ya Hindi na Ziwa Victoria hayako mbali.

Si kila mtoto anayeshindwa kusoma atakuwa bingwa wa dunia, na si kila mgonjwa wa kisukari atavaa dhahabu. Redgrave alijaliwa mwili wenye nguvu zisizo za kawaida. Lakini mwili huo ungebaki mtaani Marlow ukibeba matofali kama asingalikuwapo mwalimu aliyemwona, wazazi waliomsubiri, daktari aliyemsikiliza na wenzake waliovuta naye kwa pamoja. Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Basi wewe mzazi, leo Jumapili ukiwa umeketi na wanao, mtazame yule ambaye ripoti yake ya shule imekufanya ukunje uso. Kabla ya kumkaripia, jiulize: ana mikono ya kushika nini?